Kupatana na Mjenzi Unaponunua Nyumba Mpya Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa "mjenzi" ni kampuni inayojenga nyumba na kuziuza, iwe inajenga kwa mikono yake au imeajiri kontrakta. Majibu yanahusu fleti na mezoneti zinazouzwa kwenye ramani, zikiwa zinajengwa, au zikiwa zimekamilika na hazijakaliwa. Nguvu ya mnunuzi iko kabla ya sahihi na kabla ya pesa kutoka, ndiyo maana maswali mengi ni ya mambo ya kuuliza mapema.

## Kabla ya kutaja bei

1. Bei ya nyumba mpya inapatanika kweli, au ya kwenye tangazo ndiyo basi?

Inapatanika, lakini mara nyingi kwa mlango wa nyuma. Mjenzi mwenye fleti 80 anaogopa kushusha bei ya moja kwa maandishi, kwa sababu mnunuzi wa kesho ataisikia, na mthamini wa benki ataitumia kupima zile zilizobaki. Kwa hiyo wengi hukataa kugusa bei lakini hukubali kutoa vitu vyenye thamani ileile: nafasi ya pili ya kuegesha gari, ada za wakili, jiko, muda mrefu zaidi wa kulipa (tazama swali la 7). Pima mapatano kwa jumla ya shilingi zitakazokutoka hadi hatimiliki iwe mkononi mwako, wala si kwa bei ya kwenye bango.

2. Mjenzi hulegea wakati gani?

Mara mbili. Mwanzoni kabisa, anapohitaji wanunuzi wa kwanza ili kazi ianze; na mwishoni, zikiwa zimebaki nyumba chache huku riba ya mkopo wake ikizidi kuhesabiwa naye akilipia walinzi na lifti za nyumba zisizo na watu. Katikati, jengo likionekana linapanda kila wiki, hana haraka nawe.

Punguzo la mwanzoni ni malipo ya hatari unayoibeba, kwa kuwa unanunua kitu ambacho hakipo. Nyumba za mwishoni zina hatari ndogo, ila uliza kwa nini zimebaki. Huenda maji hayafiki vizuri ghorofa ya juu, dirisha la sebule linatazama ukuta wa jirani, au jenereta iko chini ya chumba cha kulala. Kama unaweza kuishi na kasoro hiyo, itaje waziwazi unapoomba punguzo. Ombi lenye sababu na tarakimu humpa ofisa wa mauzo kitu cha kupeleka kwa mkubwa wake. "Nifanyie bei poa" halimpi chochote.

3. Ajenti wa mauzo anaweza kunipatania?

Anaweza kufikisha ombi lako, lakini anayemlipa ni mjenzi. Usimwambie kiwango cha juu unachomudu wala tarehe unayolazimika kuhama unakopanga. Ajenti halali husajiliwa chini ya Sheria ya Maajenti wa Mali, Sura ya 533. Omba kuona cheti chake. Usimlipe yeye bei ya nyumba, wala usilipe kwa nambari ya simu ya mtu binafsi.

Ahadi yake ya mdomo haikulindi. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kinataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote, na sahihi zishuhudiwe. Akisema "kabati za jikoni zimo", mwombe aandike kwenye barua ya ofa.

4. Nikague nyaraka gani kabla ya kuanza kupatana?

Anza na ardhi. Fanya upekuzi rasmi wa hatimiliki mama (hati ya kiwanja kizima kabla ya kugawanywa kwa nyumba), kwa Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni, kama kiwanja kimeshaingizwa humo, ujue mwenyewe ni nani, kama kuna rehani au zuio, na kama ni ardhi ya kupangisha, imebakiza miaka mingapi. Kisha chukua fomu ya CR12 ya kampuni kupitia eCitizen uone wakurugenzi wake. Jina la kwenye hatimiliki likitofautiana na la anayekuuzia, lazima kuwe na mkataba wa ubia kati yao, na wakili wako ausome.

Upekuzi safi pekee hautoshi. Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, ilisema kuwa hatimiliki iliyotokana na ugawaji haramu haimlindi hata mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Mwagize wakili afuate historia ya kiwanja hadi kilipotolewa mara ya kwanza. Wakazi wa Syokimau waliobomolewa nyumba Novemba 2011 walikuwa na karatasi mikononi. Kiwanja kikiwa karibu na mto, mpe mpimaji huru apime umbali. Mwaka 2018 majengo kadhaa ya kando ya mito yaliangushwa Nairobi, likiwemo South End Mall.

Kisha nenda kwenye jengo lenyewe: ramani zilizoidhinishwa na kaunti, leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira), na usajili wa mradi na wa kontrakta katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA). Makontrakta wamepangwa kuanzia NCA 1 hadi NCA 8, na kila daraja lina kikomo cha ukubwa wa kazi. Linganisha idadi ya ghorofa kwenye ramani na unazoziona. Ghorofa ya ziada isiyoidhinishwa hubebwa na nguzo zilizokokotolewa kwa jengo dogo zaidi.

Tahadhari moja ya mipaka: nyumba nyingi zinazotangazwa kuwa "Nairobi" hazimo Nairobi. Ruaka iko Kiambu, Syokimau iko Machakos, Kitengela na Ongata Rongai ziko Kajiado. Idhini itafutwe katika kaunti husika.

## Bei na kilichomo ndani yake

5. Tangazo linasema mita za mraba 110. Nyumba mbona ndogo?

Kwa sababu kipimo hicho huenda kimejumlisha unene wa kuta, baraza, na wakati mwingine sehemu yako ya ngazi na korido. Omba mchoro wenye vipimo vya ndani ya kuta, au pima mwenyewe kwa futi ya fundi. Tuseme bei ni KSh 11,000,000. Kwa mita 110 unalipa KSh 100,000 kwa mita ya mraba. Ikiwa za ndani ni 92, unalipa karibu KSh 119,600. Tarakimu hiyo ya pili ndiyo ya kulinganisha na jengo la jirani, na ndiyo ya kuweka mezani. Mkataba utaje ukubwa wa ndani na useme bei itashuka vipi nyumba ikikamilika ikiwa imepungua zaidi ya asilimia 2 au 3.

6. Juu ya bei, ni gharama gani nyingine?

Kubwa zaidi ni ushuru wa stempu: asilimia 4 mjini, asilimia 2 mashambani, na mlipaji ni mnunuzi. Nyumba ya KSh 9,000,000 Nairobi ina ushuru wa KSh 360,000. Mthamini wa serikali akiikadiria juu ya bei mliyopatana, ushuru hufuata makadirio yake, kwa hiyo usitumie hadi shilingi ya mwisho kwenye bei. Ukikopa, kuna asilimia 0.1 ya kiasi cha rehani. Wakili wako hulipwa kwa jedwali la ada za mawakili, na juu yake kuna VAT ya asilimia 16.

Soma kwa makini mstari unaosema "gharama za kisheria". Mikataba mingi humbebesha mnunuzi pia ada ya wakili wa mjenzi ya kuandaa hati, kuunganishwa kwa maji na umeme, na malipo ya mwanzo ya ada ya huduma. Omba kila kimoja kiwe na kiasi chake na kikomo. Kodi ya faida au mapato ya mauzo ni mzigo wa muuzaji, usikubali irudi kwako kwa jina jingine. Uuzaji wa nyumba ya kuishi umesamehewa VAT. Mkataba ukiongeza asilimia 16 juu ya bei ya nyumba, wakili wako adai maelezo.

7. Amekataa kupunguza bei. Niombe nini badala yake?

Omba kwanza vitu ambavyo ungevilipia pesa taslimu: ada ya wakili wa mjenzi, ada ya huduma ya mwaka wa kwanza, nafasi ya ziada ya gari iliyoandikwa kwa nambari, stoo. Baadaye ndipo uje kwa vifaa: jiko na feni ya kuvuta moshi, hita za maji, kabati za nguo hadi dari, grili za madirisha, tangi la akiba. Andika chapa, modeli au unene wake. "Kabati za kisasa" haimaanishi kitu mahakamani.

Linalosahaulika sana ni masharti. Kubakiza asilimia 5 hadi kasoro zirekebishwe (swali la 15) hakumpunguzii mjenzi hata senti ya bei, lakini kwako kuna thamani kuliko jiko la bure.

8. Nalipa taslimu. Punguzo la haki ni kiasi gani?

Lihesabu kwa riba unayomwokolea. Tuseme wanunuzi wengine wanalipa KSh 6,000,000 baada ya miezi 18, nawe unazitoa leo. Kama mjenzi anakopa kwa asilimia 15 kwa mwaka, umemwokolea KSh 1,350,000. Akikupa punguzo la KSh 300,000, sehemu kubwa ya faida amebaki nayo. Anzia juu, mkutane karibu na kati.

Hesabu hiyo ni ya nyumba iliyokwisha au inayokaribia kuisha. Kulipa bei yote kwa nyumba ambayo bado ni shimo la msingi hatuipendekezi hata kwa punguzo kubwa, kwani pesa zikishatoka, hakuna kinachomkimbiza mjenzi.

## Mkataba na malipo

9. Wanataka ada ya kuhifadhi nyumba leo, la sivyo itachukuliwa. Nilipe?

Lipa tu ikiwa barua ya ofa inasema mambo matatu: itarejeshwa yote ndani ya siku zilizotajwa wakili wako asiporidhika na nyaraka, itahesabiwa kwenye bei, na nyumba haitauzwa kwa mwingine katika muda huo. Siku 14 hadi 21 zinatosha kwa upekuzi. Lipa kwa akaunti ya kampuni au ya wakili, ubaki na risiti.

10. Malipo ya awamu yapangwe vipi?

Wajenzi hupenda kalenda: kiasi fulani kila mwezi au robo mwaka, jengo lipande lisipande. Pigania malipo yafuate hatua za kazi. Mpangilio wa kuanzia mazungumzo:

- asilimia 10 wakati wa kusaini;
- asilimia 15 msingi na sakafu ya chini vikikamilika;
- asilimia 25 fremu ya zege ikifika paa;
- asilimia 20 kuta, plasta, mabomba na nyaya vikiisha;
- asilimia 20 vigae, milango, madirisha na rangi vikiisha;
- asilimia 10 ya mwisho, nusu wakati wa funguo na nusu hatimiliki ikitoka na kasoro zikiisha.

Kila hatua ithibitishwe kwa cheti cha msanifu au mhandisi wa mradi, nawe uruhusiwe kutuma mtu wako. Mjenzi akishikilia kalenda, mtake akubali angalau kwamba kazi ikisimama siku 30, malipo nayo yatasimama bila adhabu. Uliza pia malipo ya awali yanakaa wapi: kwa wakili kama amana ya pande zote mbili, au yanaingia kwenye saruji siku hiyohiyo.

11. Ofisa wa mauzo anasema mkataba ni wa wote na haubadilishwi. Ni kweli?

Mwili wa mkataba mara nyingi haubadiliki, lakini barua ya nyongeza inayosainiwa na pande zote hubadilisha vifungu vyako, na mjenzi akiwa na nia huikubali. Vifungu vya kubanana navyo ni hivi.

Tarehe ya kukamilisha. "Takriban Desemba" si tarehe. Taka siku kamili, muda wa nyongeza usiozidi miezi 3 hadi 6, na tarehe ya mwisho ambayo ikipita una hiari ya kujitoa na kurudishiwa pesa zote pamoja na riba.

Adhabu za pande mbili. Mkataba unaokutoza riba ukichelewa kulipa huku ukimwacha mjenzi achelewe bure umeandikwa na upande mmoja. Dai riba ileile kwenye pesa ulizolipa, au kodi ya nyumba unayopanga wakati unasubiri.

Urejeshaji. Kifungu hatari kinasema utarudishiwa pesa "nyumba ikipata mnunuzi mwingine". Weka siku, mfano 60. Makato ukijitoa mwenyewe yasizidi asilimia 10 ya ulicholipa. Tofauti kati ya "ulicholipa" na "bei ya nyumba" ni kubwa mno, isome mara mbili.

Kupanda kwa bei. Futa ruhusa ya kuongeza bei kwa sababu ya saruji, vyuma au dola. Ikishindikana, iwekee kikomo na haki ya kujitoa.

Kubadilisha vifaa. Maneno "au kinachofanana nacho" yabaki tu yakiongezewa "chenye ubora na bei isiyopungua, kwa idhini ya maandishi ya mnunuzi".

12. Hatimiliki mama imewekwa rehani benki. Nikimbie?

Si lazima. Wajenzi wengi hujenga kwa mikopo. Lakini kabla ya awamu ya pili ya malipo uwe na barua ya benki inayokubali mauzo na kuahidi kuiachilia nyumba yako kutoka kwenye rehani ukishalipa kiasi kilichotajwa, na malipo yako yaingie kwenye akaunti ambayo benki imeitaja. Bila barua hiyo, mjenzi akishindwa kulipa mkopo wake, benki inaweza kuuza ardhi pamoja na nyumba uliyokwisha kuilipia. Mjenzi akikataa kuomba barua, hapo ndipo uondoke.

13. Wakili wa mjenzi hawezi kutuhudumia sote?

Yeye anamlinda mjenzi, na akifanya kazi yake vizuri mkataba utaegemea huko. Tafuta wako, uhakikishe kwa Chama cha Wanasheria cha Kenya kuwa ana leseni ya mwaka huu. Kama mkataba unakutaka ulipie wakili wa mjenzi, hiyo ni hoja ya swali la 7, si sababu ya kukosa wako.

14. Nitapata hati gani, na ada ya huduma inapangwa na nani?

Kwa fleti, Sheria ya Mali ya Sehemu ya mwaka 2020 inaruhusu kila nyumba kuwa na hatimiliki yake, na maeneo ya pamoja kuwa mali ya wenye nyumba wote kupitia shirika lao. Ili hati hiyo itoke, mpimaji lazima aandae ramani ya sehemu, iidhinishwe na isajiliwe. Uliza kama kazi hiyo imeanza, na mkataba utaje muda wa hati kutoka na anayeilipia.

Ada ya huduma mara nyingi hutangazwa chini ili kuvutia, ikapanda wenye nyumba wakishaingia. Omba bajeti: walinzi, lifti, taka, maji, dizeli ya jenereta, bima, akiba ya matengenezo. Nyumba zisizouzwa nazo zilipiwe ada na mjenzi, la sivyo waliohamia mapema watabeba jengo zima.

## Ukaguzi wa nyumba

15. Nikague vipi kabla ya kupokea funguo?

Nenda mchana, pamoja na fundi au mhandisi usiyeletewa na mjenzi, ikiwezekana baada ya mvua kubwa. Gonga vigae kwa sarafu. Sauti ya uwazi ina maana saruji haikushika chini, na kigae hicho kitapasuka. Mwaga ndoo ya maji bafuni na barazani: yote yaelekee kwenye tundu. Kisha ziba tundu la bafu, acha maji ya kina cha sentimita 2 kwa saa 24, ukague dari ya chini yake. Kipimo hiki wengi hukiruka, na bafu linalovuja kwa jirani ni ghali kulirekebisha kwa sababu vigae vyote hung'olewa.

Rangi mpya kwenye kona moja tu huficha unyevu. Unyevu unaopanda kutoka chini ya ukuta wa ghorofa ya chini huashiria kizuizi cha maji hakikuwekwa au kimetoboka. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta ni za kawaida zege na plasta vikikauka. Ufa wa kimshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, wenye upana unaopita milimita 3 au unaoonekana pande zote za ukuta, ni wa mhandisi.

Umeme: kila soketi ipimwe waya wa ardhi. Hita ya bafuni ya kilowati 5 huvuta takriban ampea 21, kwa hiyo kila moja iwe na waya mnene na swichi yake kwenye boksi la umeme. Tazama chini ya sinki; mbao za MDF zisizozibwa kingo huvimba ndani ya miezi.

Andika kila kasoro kwa chumba, pamoja na picha na tarehe ya kurekebishwa, mjenzi asaini. Kubakiza asilimia 5 hufanya kazi hapa tu ikiwa kulikuwa kwenye mkataba.

16. Maji na umeme niulize nini?

Mgao wa maji ni jambo la kawaida Nairobi, kwa hiyo usiulize kama maji yapo, uliza matangi ni lita ngapi. Watu wanne kwa lita 100 kila mmoja ni lita 400 kwa siku. Fleti 40 zinataka lita 16,000, na akiba ya siku tatu ni lita 48,000. Kama kuna kisima kirefu, omba kibali chake na matokeo ya maabara, hasa kiwango cha floraidi, ambayo huwa juu katika visima vingi vya eneo hili. Fungua mabomba yote ya ghorofa ya juu kwa pamoja uone msukumo. Mita ya umeme iwe ya nyumba yako na iwe kwenye rekodi za Kenya Power.

17. Kipindi cha dhamana ya kasoro kiwe cha muda gani?

Kwa kawaida hupewa miezi 6. Omba 12, na sababu ni ya hali ya hewa: mwaka mzima hupitia mvua ndefu za Machi hadi Mei na fupi za Oktoba hadi Desemba, na paa au dirisha linalovuja haliwezi kujificha. Kasoro za msingi, nguzo na mihimili ziwe na dhamana ndefu zaidi, iliyotajwa kando.

18. Nyumba iko kwenye udongo mweusi. Inajalisha?

Sana. Udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopatikana South C, Embakasi, Syokimau na Kitengela, huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na msingi mfupi hunyanyuka na kushuka nao. Omba ripoti ya udongo na picha za uchimbaji. Msingi ulipaswa kupita udongo huo hadi mwamba au tabaka gumu. Kwa mezoneti, angalia kama sakafu ya nje na ukuta wa uwanja vimeshapasuka.

## Hali zisizo za kawaida

19. Benki imeithamini nyumba chini ya bei tuliyokubaliana.

Benki itakopesha kwa thamani yake, na pengo ni lako. Mpelekee mjenzi ripoti ya mthamini. Ni hoja nzito kuliko maneno yako, kwani mnunuzi mwingine wa mkopo atakutana na tarakimu ileile. Ili uwe na njia ya kutoka, mkataba uwe na sharti kwamba mkopo ukikosekana au ukipungua, unarudishiwa pesa.

20. Niko ughaibuni. Ndugu yangu anaweza kusaini?

Anaweza kwa hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya mthibitishaji, ikalipiwa stempu na kusajiliwa Kenya. Iandike iwe ya nyumba hiyo tu, na isimpe ruhusa ya kupokea marejesho ya pesa. Malipo uyatume mwenyewe kwa wakili au mjenzi. Mlipe mhandisi akague kila hatua ya swali la 10 na akutumie ripoti. Picha za ofisi ya mauzo hazitoshi.

21. Nyumba imeisha ila cheti cha ukaaji hakijatoka. Nihamie?

Cheti hicho hutolewa na kaunti kuthibitisha kuwa jengo limejengwa kulingana na ramani na linafaa kukaliwa. Kukosekana kwake kunaweza kuwa ni ucheleweshaji wa ofisi, au ni dalili kwamba jengo limetofautiana na ramani, halina ngazi ya dharura, au mfereji wa maji taka haujaunganishwa. Uliza kaunti moja kwa moja, si ofisi ya mauzo. Ukipokea funguo na kumaliza malipo, mjenzi hana tena sababu ya kukifuatilia, na baadhi ya mikataba huhesabu kuhamia kwako kuwa umeikubali nyumba ilivyo. Ukilazimika kuingia, saini kwanza barua inayosema umeingia bila kuacha haki zako, na awamu ya mwisho ibaki kwa wakili hadi cheti kitoke.